Udongo Hauyeyuki

Koroga kijiko cha chumvi kwenye glasi ya maji. Itapotea. Hata ukiyachuja maji kwa kitambaa, chumvi itapita nayo. Sasa koroga udongo. Maji yatabadilika rangi, lakini ukiyaacha yatulie, udongo utashuka chini. Haukuyeyuka; ulikuwa umebebwa tu.

Niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini somo hili halijaniacha, maana ndilo linalonisaidia kuusoma Mto Athi. Mvua ikinyesha Machakos, mto huokota udongo mwekundu na kwenda nao. Ukishakutana na Tsavo unaitwa Galana, mbele unaitwa Sabaki, na unaingia baharini kaskazini mwa Malindi. Pale maji yanapoteza kasi, udongo unashuka. Bahari inakuwa ya kahawia, na matumbawe yanayohitaji mwanga yanaumia.

Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliuona mmomonyoko huu Ukambani, ikaja na jibu moja: ng'ombe ni wengi mno. Mwaka wa 1938 ikaanza kuwachukua kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya kutupa. Na kumbe mwaka huo huo kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kinafunguliwa Athi River. Suala la ardhi halikuguswa. Malisho ya zamani ya Wakamba yalikuwa yamegeuzwa mashamba ya walowezi na ardhi ya serikali, watu na mifugo wakabanwa kwenye rizavu. Ardhi ikikanyagwa bila kupumzika, nyasi zinaisha, na udongo unabaki bila wa kuushika.

Wakamba walikataa. Wakiongozwa na Muindi Mbingu, wanaume, wanawake na watoto walienda Nairobi, wakapiga kambi wiki kadhaa wakidai ng'ombe wao. Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Lakini kabla mwaka kuisha, serikali ilirudi nyuma, ikaachana na kuchukua mifugo kwa lazima.

Leo ukienda City Market unapita barabara yenye jina lake, pengine bila kujua alikuwa nani.

Basi ukifika Malindi msimu wa mvua ukaikuta bahari ya kahawia, jua sehemu ya rangi hiyo imetoka mbali. Na mtu akikuambia ni makosa ya wafugaji, muulize kwanza ni nani aliyewabana pale.