Wageni wa Cézanne Mjini Aix

Desturi ya wachoraji vijana kusafiri hadi Aix-en-Provence, kusini mwa Ufaransa, kumwamkia Paul Cézanne ilishika mizizi baada ya mwaka 1895, pale mfanyabiashara Ambroise Vollard alipoandaa jijini Paris maonyesho ya kwanza ya mchoraji huyo peke yake, aliyekuwa na umri wa miaka 56. Heshima mara nyingine ilitangulia kufahamiana, kwani Maurice Denis alichora picha ya kumtukuza mwaka 1900, ilhali hakuonana naye hadi Januari 1906.

Cézanne alikaa katika nyumba ya mtaa wa Boulegon, lakini kila mgeni alitamani zaidi kufika kwenye karakana aliyoijenga juu ya kilima cha Les Lauves na kuanza kuitumia mwaka 1902. Dirisha lake kubwa lilielekea kaskazini, ili mwanga usibadilike sana jua linapozunguka, na ukutani kuliachwa mwanya mrefu mwembamba wa kupitishia turubai, yaani vitambaa vya kuchorea vilivyowambwa kwenye fremu, ambazo zilikuwa kubwa mno kwa ngazi. Ndani mlikuwa na matofaa, mitungi, sanamu ya plasta na mafuvu ya binadamu, vitu ambavyo mzee alivipanga mezani na kuvichora kwa subira iliyowashangaza wageni.

Émile Bernard, aliyefika mwaka 1904 akitokea Misri na kukaa takriban mwezi mmoja, alimkuta akihangaika na picha ya mafuvu matatu juu ya zulia, ambayo rangi na maumbo yake yalibadilika karibu kila siku. Baada ya kuondoka, alipokea barua ya tarehe 15 Aprili yenye ushauri, uliokuja kuwa maarufu, wa kuyatazama maumbile kwa njia ya silinda, tufe na koni (mchemraba, ambao wengi wamemsingizia, haumo). Bernard alipenda nadharia kupita kiasi, na kumbukumbu alizochapisha mwaka 1907, mzee akiwa amekwisha kufariki, zinapaswa kupimwa kwa barua za Cézanne mwenyewe, ambazo kila mara zinamrudisha kijana kwenye kuchora mbele ya kitu chenyewe. Denis naye, alipoichora ziara yake ya 1906, hakumweka mwenyeji ndani ya karakana, bali nje, akiwa kazini mbele ya mlima Sainte-Victoire.