Vitanda vya Rupia Moja

Mwaka 1988 serikali ya India ilitoa tangazo la forodha namba 64. Kwangu mimi hiyo ni moja ya nyaraka muhimu katika historia ya Watanzania kwenda kutibiwa nje, ingawa Tanzania haitajwi humo hata mara moja. Tangazo liliruhusu hospitali kuingiza mashine za tiba bila kulipa ushuru, kwa masharti. Angalau asilimia 40 ya wagonjwa wa nje watibiwe bure, na asilimia 10 ya vitanda vitengwe kwa familia zenye kipato cha chini ya rupia 500 kwa mwezi, ambazo nazo zisilipe chochote.

"Wagonjwa wa nje" hapo ni wale wanaotibiwa na kurudi nyumbani bila kulazwa. Miaka michache baadaye maneno hayo hayo yangeweza kumaanisha kundi jingine kabisa, watu wanaoshuka kwenye ndege na bahasha za eksirei mkononi.

Kabla ya tangazo hilo kulikuwa na Apollo, iliyofunguliwa Madras, leo Chennai, mwaka 1983. Mwanzilishi wake, daktari wa moyo Prathap C. Reddy, amesimulia mara nyingi kwamba mwaka 1979 mgonjwa wake mmoja, mtu wa umri mdogo tu, alifariki kwa kukosa fedha za kwenda kupasuliwa moyo Marekani. Kwa hiyo hospitali ambayo jina lake leo linajulikana Kariakoo na Mbagala ilianza kama jibu kwa swali la Wahindi wenyewe: kwa nini tufuate tiba ng'ambo? Ikishajengwa kwa ajili ya wasioweza kusafiri, ikaanza kupokea wasafiri.

Kisa kinachonivutia zaidi ni cha Delhi. Serikali ya jimbo hilo iliingia ubia na Apollo, ikatoa ekari 15 za ardhi kwa kodi ya jina tu, rupia moja, na ikachukua asilimia 26 ya hisa. Hospitali ya Indraprastha Apollo ikafunguliwa mwaka 1996. Sharti la ardhi lilikuwa zito kuliko lile la forodha: theluthi moja ya vitanda, yaani vitanda 200 kati ya 600, viwe vya bure. Shauri likafika Mahakama Kuu ya Delhi. Hospitali ilijitetea kwamba "bure" maana yake ni kitanda, kulazwa na uuguzi. Dawa na vifaa mgonjwa ajinunulie. Fikiria mtu anapewa kitanda bure katika hospitali ya kisasa kabisa, halafu anaambiwa sindano ni juu yake. Septemba 2009 mahakama iliukataa utetezi huo, ikasema bure ni pamoja na dawa na vifaa, na ikaitoza hospitali gharama.

Wakati shauri hilo likisubiri, India ilikuwa imeanzisha viza ya matibabu, na mwaka 2005 hospitali hiyo hiyo ya Delhi ikawa ya kwanza nchini humo kupata ithibati ya JCI, muhuri wa Kimarekani unaomhakikishia mgeni kwamba taratibu za usalama zinafuatwa. Mgeni aliuona muhuri. Vitanda 200 hakuviona.

Ndiyo maana huwa sikubali kirahisi kauli kwamba India ni "nafuu" kwa sababu maisha huko ni rahisi. Sehemu ya unafuu huo ilishalipiwa. Ililipiwa kwa ardhi ya umma, kwa ushuru uliosamehewa, na kwa madaktari waliosomeshwa katika vyuo vya serikali kama AIIMS, kilichoanzishwa mwaka 1956.

Upande wetu historia ilikuwa imepita njia nyingine. Mwaka 1977 Tanzania ilitunga sheria iliyopiga marufuku hospitali binafsi za biashara, zikabaki za serikali na za mashirika ya dini na hisani. Sheria ililegezwa mwaka 1991, na mwaka 1993 uchangiaji gharama ukaanza katika hospitali za serikali. Lengo la mwaka 1977 lilikuwa la haki na sioni sababu ya kulidharau. Lakini mashine za gharama kubwa hazikuja kwa sababu tu tulitaka usawa. Pengo lilizibwa kwa rufaa za nje: serikali ikawalipia wachache waliopitishwa na Muhimbili, na wengine wakajilipia. "Amepelekwa India" ikawa sentensi inayosemwa kwa sauti ya chini, nusu tumaini na nusu maombolezo.

Mwaka 2014 ilisemwa nyumbani kwetu. Shangazi alihitaji kubadilishiwa vali ya moyo. Likafunguliwa kundi la WhatsApp la michango, likapata mweka hazina na ugomvi wake. Dalali alitutafutia makisio kutoka hospitali moja kule, na hakutudai hata senti. Baadaye ndipo tulipojua kwamba anayemlipa ni hospitali, kulingana na bili ya mgonjwa. Makisio yalikuja kama kifurushi: upasuaji, vali, siku mbili ICU, siku sita wodini, chakula cha mgonjwa na msindikizaji mmoja. Chini kabisa, kila siku ya ziada ingelipiwa peke yake. Shangazi alipata homa baada ya upasuaji, akakaa ICU siku tano zaidi. Baba mdogo akauza kiwanja cha Chanika kwa bei aliyoitaka mnunuzi.

Shangazi alipona. Ukimuuliza leo atakusimulia wauguzi waliomwita "Mama", usafi wa sakafu, na daktari aliyemchorea moyo kwenye karatasi akamweleza kila kitu, jambo ambalo hajawahi kufanyiwa hapa. Ubora ule ulikuwa wa kweli. Tatizo ni kwamba uliishia uwanja wa ndege. Dawa ya kuzuia damu kuganda inahitaji kupimwa damu mara kwa mara maisha yote, na hilo halikuwa ndani ya kifurushi.

Kuna gharama nyingine zisizoandikwa kwenye ankara. Mwaka 2010 jarida la tiba la Uingereza, The Lancet Infectious Diseases, lilichapisha utafiti kuhusu bakteria wenye kimeng'enya kilichoitwa NDM-1, wanaohimili hata dawa kali za mwisho. Baadhi ya wagonjwa wa Uingereza waliokutwa nao walikuwa wametibiwa India au Pakistani, wengine kwa upasuaji wa urembo tu. Herufi ND ni New Delhi. India ililalamikia jina hilo, na naelewa kwa nini: vimelea havina pasipoti. Lakini muhuri wa ithibati nao haumwambii mgonjwa anarudi nyumbani na nini.

Baada ya 2015 serikali yetu ilipunguza sana rufaa za nje. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilikuwa tayari imeanza, na Novemba 2017 Muhimbili ikafanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo, ikisaidiwa na madaktari kutoka India. Sasa wagonjwa wanaotoka Komoro hufika Dar es Salaam kutibiwa. Maofisa wanazungumzia utalii wa tiba kwa fahari, na mashine zinazowasubiri wageni hao zimenunuliwa kwa kodi zetu. Ni vitanda vingapi vimetengwa kwa mtu wa Chanika asiye na kiwanja cha kuuza, na dawa zake zimehesabiwa humo? Hilo ningependa kuliona limeandikwa mapema, kabla halijafika mahakamani.