Kumbe Ndege ya London Ilikuwa Inaishia Mwanza! Safari ya Siku 10 Mwaka 1931

Mtu wa Shinyanga au Geita akitaka kwenda London leo, wengi huanza na basi mpaka Mwanza, halafu ndege ya Dar es Salaam, halafu ndege nyingine ya kutoka nje ya nchi. Ndege ya moja kwa moja Mwanza mpaka London hakuna. Lakini kumbe zamani ilikuwepo laini kutoka London, na kituo chake cha mwisho kilikuwa Mwanza. Sio Nairobi, sio Dar. Mwanza!

Tarehe 28 Februari 1931, kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilianzisha safari ya mara moja kwa wiki kutoka uwanja wa Croydon, London. Njia ilipita Cairo, Khartoum, Juba na Kisumu. Mzigo mkubwa ulikuwa barua.

Kwa nini Mwanza? Sababu ni ziwa. Kutokea Khartoum zilitumika ndege za majini aina ya Calcutta, zenye injini 3, ambazo zilitua kwenye Mto Nile na Ziwa Victoria bila kuhitaji uwanja wa lami. Tena reli ya kutoka Tabora ilishafika Mwanza mwaka 1928 kwa kupitia Shinyanga. Barua ikishushwa ziwani, inapanda treni, safari inaendelea.

Sasa hebu piga hesabu. Mwanza mpaka London, ukinyoosha mstari, ni kama kilomita 6,800. Jeti ya leo inayokwenda kilomita 850 kwa saa ingemaliza kwa masaa 8 hivi. Wale walitumia kama siku 10! Ndege zilikuwa za polepole, usiku watu wanalala chini, na njiani wanabadilisha vyombo. Hata hivyo meli ilichukua wiki kadhaa, kwa hiyo siku 10 zilikuwa maajabu.

Raha haikudumu. Januari 1932 laini ilisogezwa mpaka Cape Town, na kutoka Kisumu ikapitia Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Mwanza ikaachwa pembeni, hata mwaka haujaisha. Mwaka 1937 ndege kubwa za majini zikahamia pwani: Mombasa, Dar es Salaam, Lindi.

Kinachouma ni kwamba utajiri ulikuja baada ya ndege kuhama. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulianza kazi miaka hiyo hiyo ya 1930, na mwaka 1940 John Williamson akagundua almasi Mwadui, Shinyanga.

Kilomita za kwenda London hazikuongezeka hata moja. Ni njia tu iliyohamishwa. Watu wa Geita wanalijua hilo vizuri: kwa miaka mingi walisubiri kivuko pale Busisi, mpaka daraja lilipofunguliwa Juni 2025. Ziwa ni lile lile, ila sasa linavukwa kwa dakika chache.