Uchunguzi wa kompyuta isiyowaka
Uchunguzi wa kompyuta isiyowaka ni ufundi wa kubaini kilichoharibika, kuanzia na pawa saplai. Kifaa hiki hugeuza umeme wa volti 230 kuwa volti 12, 5 na 3.3. Umeme unaokatika na kurudi ghafla huweza kuunguza kapasita zake. Fundi hukagua soketi, waya na fyuzi, kisha hupima volti 5 za akiba kwenye waya wa zambarau. Feni kuzunguka hakutoshi kuthibitisha uzima. Kipimo cha kuaminika ni kufunga pawa saplai nyingine iliyo nzima. Kompyuta ikigoma bado, hushukiwa bodi kuu. Kapasita hubaki na chaji hatari hata plagi ikichomolewa.