Mzigo wa prosesa kwenye seva ya hifadhidata: pima kabla ya kununua mashine mpya

Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 2014. Chini ya utaratibu huo, ushuru wa shehena inayopitia Mombasa au Dar es Salaam hulipwa katika nchi inakokwenda kabla haijatoka bandarini. Hivyo lori huweza kusimama kwa kusubiri rekodi ya kompyuta tu, na kwa mwenye mzigo kila saa ya kusubiri ni gharama.

Seva ya hifadhidata inapokuwa nzito, wengi hukimbilia kununua kubwa zaidi. Hatua ya kwanza, hata hivyo, ni kupima mzigo wa prosesa.

Kwenye Linux, amri ya uptime hutoa wastani wa mzigo kwa dakika 1, 5 na 15. Tarakimu ya kwanza ikizidi ya tatu, mzigo unapanda. Wastani huo hulinganishwa na idadi ya viini vya prosesa: mzigo wa 4 ni wa kawaida kwa mashine ya viini 8, lakini ni foleni kwa yenye viini 2.

Tahadhari: Linux huhesabu pia kazi zinazosubiri diski. Amri ya vmstat hutenganisha mambo hayo. Safu za us na sy ni kazi ya prosesa, wa ni kusubiri diski, na id ni muda wa kukaa bure. Safu ya wa ikiwa juu, prosesa mpya haitasaidia kitu.

Kwa nini mfumo hukwama ghafla? Kwa kanuni ya foleni yenye mhudumu mmoja, matumizi yakifika asilimia 50 muda wa kuhudumiwa huwa mara 2 ya kawaida; yakifika asilimia 90 huwa mara 10. Ongezeko dogo la wateja mwisho wa mwezi linatosha kuleta msongamano.

Baada ya hapo hutafutwa anayekula prosesa. Kwenye MySQL hutumika SHOW FULL PROCESSLIST. Kwenye PostgreSQL, pg_stat_activity. Kumbukumbu ya maulizo ya polepole ya MySQL ina kikomo cha sekunde 10 isipobadilishwa, kiasi ambacho ni kikubwa mno kwa ofisi yenye shughuli nyingi. Ulizo fupi linalorudiwa mara maelfu nalo huelemea seva. Pg_stat_statements hujumlisha muda wake wote.

Amri ya EXPLAIN huonyesha kama ulizo linasoma jedwali zima kutafuta kontena moja. Ikiwa ndivyo, faharasa kwenye safu ya namba ya kontena huweza kushusha mzigo bila kununua chochote. Lakini faharasa zisizidi, kwa sababu kila rekodi mpya hulazimika kuandikwa humo pia.

Hesabu ya fedha ni muhimu. Leseni za Oracle Enterprise Edition huweza kutozwa kwa prosesa, na za SQL Server kwa kiini. Kuongeza viini basi ni kuongeza bili.

Vipimo vya siku moja havitoshi. Programu ya sar huweka rekodi za siku nyingi. Meneja akiwa na za mwezi mzima, ataona kama seva imezidiwa kweli au ni ripoti moja inayoendeshwa saa 4 asubuhi, wakati mawakala wote wako kazini.