Fundi Asiyetajwa: Sanaa ya Ibada katika Ungoni tangu 1898

I

Katika habari zilizoandikwa juu ya sanaa ya Afrika ya Mashariki, jina la Songea hutajwa kwa nadra sana. Msomaji atakutana na wachongaji wa Kimakonde, na milango ya nakshi ya Unguja na Lamu, na wachoraji waliotoka katika shule ya sanaa iliyoanzishwa Makerere na Margaret Trowell mwaka 1937. Akiuliza habari za Ungoni ataelezwa vita, kisha utawala wa Wadachi, kisha kilimo. Hata hivyo, kiasi cha kilomita 24 magharibi ya mji wa Songea, pamekuwako tangu mwaka 1898 kituo cha watawa Wabenediktini cha Peramiho, na katika karakana zake zimetengenezwa kwa mikono ya watu altare, misalaba, milango, mavazi ya Misa na vifaa vingine vya ibada.

Makala haya yakusudia kuchunguza mambo matatu: kwanza, asili ya ufundi huo, pili, maneno ambayo mafundi waliyatumia, maana maneno nayo ni ushahidi wa historia, na tatu, jambo ambalo ndilo zito kuliko yote, yaani sababu ya kazi hizo kubaki bila majina ya waliozifanya.

II

Si watu wengi wajuao kwamba shirika la Wabenediktini wa Kimisionari lilianzishwa na mtu aliyekuwa mchoraji. Andreas Amrhein, Mswisi aliyezaliwa mwaka 1844, alijifunza uchoraji kabla ya kushika utawa. Kisha mwaka 1870 akaingia katika monasteri ya Beuron, kusini ya Ujerumani. Mahali hapo palikuwa pakichipua mtindo mpya wa sanaa ya ibada. Kiongozi wake, Desiderius Lenz, alikuwa ameichunguza sana sanaa ya Misri ya kale, akiamini kwamba vipimo vyake vilivyotulia vyafaa kwa sala kuliko picha zenye machozi na misukosuko zilizopendwa Ulaya katika zama zake. Ni ajabu kidogo kwamba watawa ambao baadaye walikuja Afrika kufundisha ufundi wametokana na nyumba iliyokwisha kujifunza kwa Waafrika wa kale.

Jambo la pili lililoshikwa Beuron ni kwamba msanii asijitangaze. Kazi ilikuwa ya jamaa nzima, ikatolewa kwa Mungu, na mchoraji hakutakiwa kuandika jina lake pembeni. Shauri hilo halikuzuliwa na Lenz. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 57, yaagiza kwamba mafundi wa monasteri wafanye kazi kwa unyenyekevu na kwa idhini ya Abate, na fundi aanzaye kujivunia ujuzi wake aondolewe katika ufundi huo mpaka atakapojirudi. Katika sura ya 31 yaagizwa kwamba vyombo vyote vya nyumba vitunzwe kana kwamba ni vyombo vitakatifu vya altare. Kwa hiyo randa na jembe vimepewa heshima, lakini mwenye kuvishika amefundishwa kunyamaza. Tutalirudia jambo hili, kwa kuwa ndilo kiini cha makala.

Amrhein alianzisha shirika lake mwaka 1884, na mwaka 1887 likahamia Emming, mahali pajulikanapo sasa kwa jina la St. Ottilien. Wamisionari wa kwanza walifika pwani yetu mwaka 1888 wakajenga Pugu, karibu na Dar es Salaam. Januari ya 1889, wakati wa vita vya Abushiri, kituo hicho kikaharibiwa. Miaka tisa baadaye Padre Cassian Spiss alifika katika nchi ya Wangoni, akaanzisha Peramiho.

III

Haifai kusimulia habari za sanaa ya ibada katika Ungoni kana kwamba ilipandwa katika shamba tupu. Wangoni walikuwa na ibada yao ya mahoka, yaani roho za wazee waliotangulia, na mahoka walikuwa na vibanda vyao vya kutambikia. Masimulizi ya vita katika Ungoni yanataja kwamba Padre Franziskus Leuthner wa Peramiho alichoma moto kibanda cha mahoka cha Nkosi Mputa, na kwamba kitendo hicho kilitiwa katika hesabu ya machungu yaliyolipwa mwaka 1905. Vita vya Maji Maji vilipowaka, Askofu Spiss aliuawa tarehe 14 Agosti 1905 pamoja na mabruda wawili na masista wawili, walipokuwa safarini kutoka Kilwa kwenda Peramiho. Baadaye kituo cha Peramiho kilichomwa, na Padre Leuthner naye akauawa. Kisasi cha serikali ya Wadachi kilikuwa kikali kupita kiasi: mwaka 1906 wakuu wa Wangoni walinyongwa Songea, na miongoni mwao Nduna Songea Mbano, ambaye jina lake ndilo lililobaki kuwa jina la mji. Wengi wa waliohukumiwa walibatizwa kabla ya kufa. Kisha ikafuata njaa.

Basi nyumba ya ibada ilichomwa, na nyumba ya ibada nyingine ikachomwa kwa malipo. Kila msalaba uliochongwa Peramiho baada ya hapo ulichongwa katika nchi iliyokuwa imeona mambo hayo mawili. Waliojenga upya hawakuwa wageni peke yao. Kufyatua matofali na kuyachoma katika tanuru, kukata mninga msituni, kupasua mbao, kuchonga mihimili, yote hayo yalihitaji mikono mingi, na mikono hiyo ilikuwa ya wenyeji, pengine ya watoto wa watu waliopigana. Tukilitazama kanisa kubwa la Peramiho lililojengwa katika miaka ya 1940, wakati wa Abate-Askofu Gallus Steiger, inatupasa kukumbuka kwamba ukubwa wake hauelezeki kwa mabruda wachache kutoka Ulaya.

IV

Sasa tuyatazame maneno. Mabruda wengi waliofundisha walikuwa Wajerumani na Waswisi; wanafunzi wao walisema Kingoni, Kimatengo, Kindendeule au lugha nyingine ya jirani. Mtu angetazamia kwamba karakana ingejaa maneno ya Kidachi. Haikuwa hivyo. Kijerumani kimetuachia neno *shule*, na yamkini *bruda*, lakini vifaa vya fundi havina majina ya Kijerumani. Sababu ni kwamba Kiswahili kilitangulia. Kabla ya misheni, misafara ya Kilwa ilikuwa imekwisha kufika Ungoni, na wafanyabiashara kama Rashid bin Masoud walikuwa wamekaa huko. Lugha ya kuelewana ilikuwa tayari, na lugha ya ufundi ikaja ndani yake.

Tukiyapanga maneno hayo twaona matabaka matatu. Vitenzi ni vya Kibantu: *kuchonga, kuchora, kusuka, kushona, kufinyanga*. Vifaa na mahali pa kazi vimetoka ng'ambo ya bahari: *karakana, randa* na *rangi* kutoka Kiajemi, *msumari* na *nakshi* kutoka Kiarabu. Vitu vya ndani ya kanisa navyo vina asili mbalimbali: *altare, misa* na *kalisi* ni vya Kilatini, ilhali *kanisa* lenyewe na *msalaba* ni vya Kiarabu. Fundi wa Peramiho aliyesema kwamba ameuchonga msalaba wa altare alikuwa ametamka, katika maneno machache, kitendo cha babu zake, alama aliyoipokea kwa ulimi wa pwani, na meza takatifu iliyotoka Roma. Hakuna hati ya kumbukumbu ionyeshayo historia ya kazi yake waziwazi kuliko sentensi hiyo.

Neno lenye matata zaidi ni *sanamu*. Asili yake ni Kiarabu *sanam*, na maana yake ya kwanza ni kitu cha kuabudiwa badala ya Mungu. Wengi hudhani kwamba *sanamu* na *sanaa* ni ndugu. Lakini la, mizizi yao ni mbali, kwa kuwa *sanaa* hutokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kutengeneza. Katika tafsiri ya Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952, *sanamu* ndilo neno litumiwalo katika amri ikatazayo kuabudu vitu vya kuchongwa. Na neno hilohilo ndilo Mkatoliki wa Songea alitumialo anaposema sanamu ya Bikira Maria. Msikilizaji Mwislamu, au Mkristo wa madhehebu nyingine, hulisikia neno na kushtuka. Wakatoliki wamelazimika kueleza daima kwamba heshima haitolewi kwa mti, bali kwa yule anayekumbukwa kwa mti huo. Mzee wa Kingoni angaliweza kujibu kwamba na kibanda cha mahoka hakikuheshimiwa kwa ajili ya majani yake.

V

Kazi ya mikono haikuwa ya wanaume tu. Masista Wabenediktini walifundisha wasichana kushona na kutarizi, na mwaka 1938 likaanzishwa shirika la masista Waafrika la Mtakatifu Agnes, ambalo makao yake ni Chipole. Ufundi wa sindano una desturi ya kudharauliwa na waandishi wa historia ya sanaa. Hata hivyo kasula, kitambaa cha altare na bendera ya maandamano huonwa na waumini kila Jumapili, wakati ambapo picha ya ukutani huenda haitazamwi tena baada ya kuzoeleka. Tena kuna kazi ndogo za nyumbani: rozari za mbegu ngumu zilizotungwa kwenye uzi, misalaba midogo ya mlangoni, pango la Noeli lililofinyangwa kwa udongo na watoto. Hizo hazikai muda mrefu, na kwa sababu hiyo hazimo katika makumbusho.

Mwaka 1957 ilianzishwa Hanga, monasteri ya watawa Waafrika, ambayo mwaka 1994 ilifanywa kuwa Abasia. Hapo Mwafrika alipata kuwa fundi na mtawa pamoja, akashika mwenyewe ile Kanuni iagizayo unyenyekevu. Miaka sita baada ya Hanga kuanzishwa, tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza katika hati yake juu ya Liturujia kwamba Kanisa halikuufanya mtindo wowote wa sanaa kuwa wake peke yake, na kwamba sanaa ya mataifa yote ina nafasi katika ibada. Kwa Afrika ya Mashariki jambo hilo lilikuwa limeanza kuonekana: kati ya 1956 na 1959 Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora kuta za kanisa la Kianglikana la Murang'a, akamweka Kristo katika nchi ya Wakikuyu. Kwa upande wa Wakatoliki wa kusini ya Tanzania, Padre Polykarp Uehlein, mmonaki Mbenediktini, alitumia miaka mingi kupaka kuta za makanisa kwa picha kubwa za rangi kali.

VI

Hapa ndipo lilipo swali letu. Jina la Njau twalijua. Jina la Uehlein twalijua. Twalijua pia jina la George Lilanga, mwana wa kusini, aliyefariki mwaka 2005, na wenzake wa Nyumba ya Sanaa iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972 chini ya Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll. Lakini ni nani aliyechonga mlango wa kanisa la kigango fulani cha Umatengo? Ni nani aliyetarizi kasula iliyovaliwa katika misa ya upadirisho wa mzaliwa wa kwanza wa kijiji? Mara nyingi jibu tupewalo ni moja: *mafundi wa misheni*.

Yafaa tupambanue. Mtawa aliyeficha jina lake aliapa kufanya hivyo. Kutokujulikana kwake kulikuwa ni sadaka, na sadaka haina haja ya kusikitikiwa. Fundi wa kijijini hakula kiapo hicho. Alikuwa na mke na watoto, alipokea ujira, akarudi kwake jioni. Kutokujulikana kwake hakukuwa sadaka. Kulikuwa ni desturi ya nyumba iliyomfunika bila kumwuliza, na pengine ni desturi ya ukoloni iliyojificha nyuma ya desturi ya utawa. Mambo haya mawili yanafanana kwa nje, na kwa sababu yanafanana tumeyachanganya kwa muda mrefu.

Mtu aweza kupinga, akisema kwamba fundi Mkristo naye alifanya kazi kwa utukufu wa Mungu na hakutaka sifa. Huenda ndivyo. Lakini kama alichagua kunyamaza, sharti kwanza awe alikuwa na nafasi ya kusema. Isitoshe, historia haimtaji mtu ili kumsifu tu. Humtaja ili ijulikane ujuzi ulitoka kwa nani ukaenda kwa nani, nani alimfundisha nani kushika tezo, na kwa nini mkunjo wa nguo ya Bikira Maria katika sanamu fulani wafanana na mkunjo wa kaniki kuliko wa hariri. Bila majina hakuna ukoo wa ufundi, na bila ukoo huo kila kazi yaonekana kama imezaliwa peke yake.

Wakati wa kuzikusanya habari hizi haujapita, ila umebana. Yako makanisa ya vigango ambayo vifaa vyake vya kale vimesimama bado, na wako wana na wajukuu wa mafundi wanaokumbuka nani alichonga nini. Madaftari ya ujira ya misheni, yakichunguzwa pamoja na masimulizi ya wazee, yaweza kurudisha majina kwa kazi nyingi. Taasisi yetu imezoea kukusanya methali, tenzi na misamiati ya lahaja. Sioni sababu ya kutokusanya msamiati wa karakana ya Ungoni pamoja na majina ya wale walioutumia. Neno *fundi* kwa Kiswahili ni jina la heshima, lakini haliwezi kusimama mahali pa jina la mtu.