Kengele, Ufagio na Kapu la Mkate

Katika shule za bure ambazo Jean-Baptiste de La Salle alizifungulia watoto wa maskini na mafundi nchini Ufaransa mwishoni mwa karne ya 17, kifungua kinywa kililiwa darasani. Kila mtoto alikuja na kipande chake cha mkate kutoka nyumbani, na ambaye nyumbani hakukuwa na kitu alikuja mikono mitupu. Mwanafunzi mmoja alipita na kapu mbele ya mabenchi. Mwenye ziada alitia alichoweza, na mkate uliokusanywa ukagawiwa wasiokuwa nao.

Mwongozo wa shule hizo, uliokwisha kuandikwa mwaka 1706 na kuchapishwa mara ya kwanza mjini Avignon mwaka 1720, unaeleza mbeba kapu anavyopaswa kuwa: mchaji, mwenye kuwapenda maskini, na zaidi ya yote asiwe mlafi. Kisha unaweka sharti moja ambalo msomaji wa haraka hulipita bila kulitazama: mtoto huyo haruhusiwi kumpa mtu yeyote chochote. Kugawa ni kazi ya mwalimu.

Kwa mtazamo wa kwanza sharti hilo linaonekana kumnyima mtoto nafasi ya kuwa mkarimu. Kwa hakika linamnyima kitu kingine. Mtoto mwenye kapu la mkate mbele ya wenye njaa ana uwezo wa kujipatia wapambe kabla hata hajajua maana ya neno hilo. Aliyewahi kuona kampeni za uchaguzi zikipita kijijini na kanga, fulana na kilo za sukari haitaji kuelezwa zaidi. De La Salle alimtaka mtoto abebe mkate wa wenzake bila kuugeuza kuwa mkate wake.

Si ajabu kwamba jambo hilo lilimgusa. Alizaliwa Reims mwaka 1651 katika ukoo wa watu wenye uwezo, akawa kanoni wa kanisa kuu la mji huo, nafasi iliyokuwa na heshima na kipato. Aliiachia mwaka 1683, na wakati wa njaa iliyofuata akagawa mali yake kwa maskini. Shirika alilolianzisha, la Mabruda wa Shule za Kikristo, lilifundisha watoto kusoma kwa Kifaransa, lugha ya nyumbani kwao, kabla ya Kilatini. Wazazi wanaolipa karo leo ili mtoto asiguse Kiswahili darasani wangemwona mtu huyu kuwa mwalimu wa ajabu sana.

Mbeba kapu alikuwa mmoja tu kati ya wenye vyeo darasani. Mwongozo unamtaja mwongoza sala, mpiga kengele, mtunza ufunguo, bawabu wa mlangoni, wagawa karatasi na wafagiaji. Unawataja pia watembeleaji wa wasiokuja shule, ambao kila mmoja alipewa mitaa yake. Mwenzao akikosekana, walikwenda kwao kujua sababu; akiwa mgonjwa walimtazama na kumfariji, kisha wakaleta habari kwa mwalimu. Ni vyeo vya kazi ndogondogo, na karibu kila kimoja kinamwelekeza mtoto kwa mwenzake, au kwa chumba wanachokitumia wote. Mfagiaji yumo katika orodha ileile pamoja na mwongoza sala.

Lakini orodha hiyo ina upande wa pili, na historia isiyousema itakuwa imeandika sifa tu. Kulikuwa na mkaguzi, mwanafunzi wa kuangalia mwenendo wa wenzake mwalimu asipokuwepo. Hakuruhusiwa kutisha wala kupiga. Kazi yake ilikuwa kutazama, kukumbuka na kutoa taarifa. Na kwa kuwa mkaguzi naye angeweza kupendelea au kudanganya, waliteuliwa watoto wengine wa kumwangalia yeye kwa siri. Jicho juu ya jicho. Katika darasa lililojaa, ambamo mwalimu mmoja hawezi kuwa kila mahali, mantiki yake inaeleweka. Hata hivyo, kapu na jicho havifundishi kitu kimoja, ingawa vilikaa katika kitabu kimoja na pengine katika darasa moja asubuhi ileile.

Karne moja baadaye jicho lilipata soko. Andrew Bell, aliyechapisha mfumo wake mwaka 1797, na Joseph Lancaster, aliyefungua shule yake jijini London mwaka 1798, walionyesha kwamba mwalimu mmoja angeweza kuendesha shule ya mamia ya watoto kwa kuwatumia wanafunzi wakubwa kuwafundisha na kuwasimamia wadogo. Sifa kuu ya mfumo huo ilikuwa urahisi wa gharama, na ulienea haraka duniani, makoloni yakiwemo. Watu hao wawili hawakuwa Wakatoliki, nao waligombana vikali juu ya nani aliyeuvumbua.

Katika pwani ya Afrika Mashariki swali la mtoto na utumishi lilikuja na uzito ambao Reims haikuujua. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua kituo chao Bagamoyo mwaka 1868, na kiini cha shule yao kilikuwa watoto waliotoka utumwani. Baadhi walinunuliwa katika soko la Unguja, wengine waliokolewa majahazini na manowari za Waingereza. Siku ya mtoto iligawanywa kati ya sala, masomo na kazi za mikono. Walioonekana kuwa na kipaji cha masomo walielekezwa huko, wengine wakajifunza ufundi, wengine wakaenda shambani. Wageni kama Sir Bartle Frere, aliyefika mwaka 1873, walisifu walichokiona. Lakini wapo watoto waliotoroka.

Lugha yenyewe inaeleza ugumu wao. Kutokana na kitenzi kimoja, kutuma, Kiswahili kimepata mtume, mtumishi na mtumwa. Kwa padre aliyeigeuza Injili kuwa Kiswahili, mtumishi alikuwa neno la heshima: anayejitoa kwa ajili ya wengine. Kwa mtoto aliyekuwa bado na kumbukumbu ya soko, umbali kati ya mtumishi na mtumwa ulikuwa silabi moja, na jembe alilokabidhiwa halikumwambia yuko upande gani. Utumishi ni wema pale tu anayetumika ana namna ya kukataa. Mtoto aliyekombolewa kwa fedha za misheni, asiye na baba wala ukoo wa kurudi kwao, angekataaje?

Sehemu ya fedha hizo ilitoka kwa watoto wengine. Mwaka 1843 Charles de Forbin-Janson, askofu wa Nancy, alianzisha shirika la Utoto Mtakatifu, ambalo lilimtaka mtoto Mkatoliki atoe sarafu ndogo kila mwezi na kusali kwa ajili ya watoto wa mbali. Lilianza kwa kufikiria China, na baadaye misaada yake ikafika Afrika, Bagamoyo ikiwemo. Mtoto wa Ufaransa alitia sarafu kapuni, na mtoto wa Bagamoyo akawa mkate. Wala wa kwanza hakupata kumjua wa pili isipokuwa kwa picha na barua zilizoandikwa na watu wazima.

Cheo cha mwanafunzi msimamizi kilipohitaji jina la Kiswahili, lililoshika Tanganyika halikutoka misheni. Lilitoka jandoni. Kiranja, kabla ya kuwa kiongozi wa wanafunzi, ni kijana anayetangulia kutahiriwa katika kundi lake. Kiranja wa jando hasimami nyuma akihesabu nani analia. Kisu kinampata yeye kwanza, na wenzake wanamtazama yeye wapate moyo. Neno hilo lilipovaa sare ya shule lilipewa chaki, na tangu hapo vizazi vya wanafunzi vimemjua kiranja kama mtu anayeandika ubaoni majina ya wapiga kelele.

Julius Nyerere aliyajua haya kutoka ndani. Alifundisha katika shule ya Kikatoliki ya St Mary's, Tabora, na baadaye Pugu, ambako aliacha ualimu mwaka 1955. Katika Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa Machi 1967, alihoji kwa nini shule ziajiri wafagiaji na watunza bustani ilhali wanafunzi wana mikono. Hapo anasikika kama mwongozo wa 1706. Lakini aliongeza lisilokuwemo humo: wanafunzi washiriki kuamua shamba lao liendeshwe vipi na mapato yake yatumike vipi. Mwenye jembe awe na sauti. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipozitia mikononi mwa serikali shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku, jembe lilifika kila mahali. Sauti ilifika pachache, na katika shule nyingi kulima kukawa adhabu ya wachelewaji.

Tangu miaka ya 1990 Kanisa Katoliki limerudi kwa nguvu katika shule za msingi za kulipia Tanzania, nyingi zikifundisha kwa Kiingereza. Kengele ipo, ufunguo upo, na wenye vyeo huvaa beji. Utoto Mtakatifu nao upo maparokiani, na sasa watoto wa Kiafrika ndio wanaotoa sadaka kwa ajili ya wengine na kwenda kuwaona wagonjwa. Humo ndimo mtembeleaji wa wasiokuja shule anapoonekana tena, mara nyingi Jumamosi, bila beji, akiwa na sabuni au sukari aliyopewa nyumbani aipeleke kwa mwenzake aliyelala.